UZI: Thomson MO5 na kompyuta nyingine za Kifaransa za miaka ya 80 ndani ya kifaa cha gemu cha mkononi

#1 Kanda_Mbili

Habari zenu wakuu. Jambo hili nimekaa nalo miezi kadhaa, leo naliweka hapa, pengine kuna mwenzangu mmoja au wawili wanaopenda mashine za zamani kama mimi.

Niko Lyon, huu mwaka wa sita. Jumapili kuna soko la mitumba karibu na ninapoishi, na hapo ndipo nilipokutana na Thomson MO5: boksi jeusi, vitufe vya mpira, kitufe cha A pale ambapo sisi tumezoea Q. Mzee aliyekuwa anaiuza aliniambia shuleni kwao zilikuwa zimepangwa kwenye meza, watoto wawili wawili kwa mashine. Nikainunua. Niliiwasha, skrini ikawa ya samawati nyepesi na maandishi ya buluu, na kila kitufe nilichobonyeza kikalia "tip". Wiki ya tatu adapta yake ya umeme ikafa.

Sikutaka kuachana nayo. Nina kifaa cha gemu cha mkononi, hizi Anbernic za skrini ya inchi 3.5, na huwa nakitumia kwenye tramu nikienda kazini. Nikajiuliza kama MO5 inaweza kuingia humo. Inaingia, na inaingia vizuri sana. Ila kuna mambo ambayo usipoyajua utafuta kila kitu siku ya kwanza, ndiyo maana nimefungua uzi.

Historia kidogo. Ufaransa ya miaka ile ilikuwa na dunia yake. Televisheni zao zilitumia mfumo wa rangi wa SECAM, wakati Uingereza na Ujerumani Magharibi wanatumia PAL, na televisheni zilizouzwa kule zilikuwa na tundu la Péritel, la kuingizia picha na sauti. Kompyuta ya kigeni ikiletwa bila kurekebishwa, picha inatoka nyeusi na nyeupe au haitoki kabisa. Kampuni za nyumbani zikapata nafasi. Thomson, ambayo serikali iliitaifisha mwaka 1982, ilitoa TO7 mwaka huohuo, kisha TO7/70 na MO5 mwaka 1984, na baadaye TO9, TO8 na MO6. Matra pamoja na Hachette wakatoa Alice mwaka 1983, kijimashine chekundu chenye undani wa Tandy MC-10 ya Marekani. Exelvision wakatoa EXL 100 mwaka 1984: kibodi yake haina waya, inawasiliana kwa mwanga wa infraredi kama rimoti ya televisheni, na mashine yenyewe ina chipu ya kutoa sauti ya mtu. Mwaka 1984!

Januari 1985 waziri mkuu Laurent Fabius akatangaza mpango wa Informatique pour tous, yaani kompyuta kwa wote. Mashine 120,000 kwa shule 50,000, na walimu 110,000 wafundishwe. Nyingi ya mashine hizo zilikuwa Thomson. Yule mzee wa sokoni alikuwa anazungumzia mpango huo.

Sasa kwenye kifaa. Ninatumia RetroArch, programu ya kuendeshea mashine za zamani, na kiini kinachohitajika, yaani kipande chake kinachoigiza mashine husika, kinaitwa Theodore. Kimoja hicho kinaigiza karibu ukoo wote wa Thomson: TO7, TO7/70, TO8, TO8D, TO9, TO9+, MO5, MO6, na hata PC128 ya Olivetti, ambayo ni MO6 iliyovalishwa nguo za Kiitaliano. Huhitaji kutafuta faili za biosi, zile za kuwashia mashine, pembeni. Faili za kanda zinaishia na .k7, za disketi .fd au .sap, za katriji .m5 au .m7.

Kosa la kwanza linalowakuta wengi ni mfano wa mashine. MO5 na TO7 si kitu kimoja. Prosesa ni ileile, Motorola 6809 ya megahezi 1, lakini kumbukumbu imepangwa tofauti: kwenye MO5 eneo la skrini linaanzia anwani 0000, kwenye TO7 linaanzia 4000. Hata kanda zao hazisomani. Kwa hiyo ukifungua kanda ya MO5 huku Theodore iko kwenye TO8, hakuna kitakachotokea na utadhani faili ni bovu. Ingia kwenye mipangilio ya kiini, chagua MO5 mwenyewe, anzisha upya.

Ukishaona samawati na neno OK, gemu iliyoandikwa kwa BASIC, lugha ya programu iliyomo ndani ya mashine, unaiita kwa

RUN""

na iliyoandikwa kwa lugha ya mashine kwa

LOADM"",,R

Zile koma mbili na R msizisahau. R ndiyo inayoiambia ikimaliza kupakia ianze kazi palepale.

Maswali karibuni.

#2 Mtoto_wa_Chuda

Mkuu Kanda_Mbili, asante kwa uzi. Naomba kuuliza kwa nia njema tu. Kwenye kifaa hichohicho zipo gemu maelfu za Nintendo na Sega, zimenyooka, unabonyeza unacheza. Hii ya kuandika amri kwa kidole gumba ina faida gani? Nimejaribu jana, neno LOADM peke yake limenichukua karibu dakika nzima kwenye ile kibodi ya skrini.

#3 Kanda_Mbili

Swali zuri, na dakika hiyo naijua. Nami wiki ya kwanza nilikuwa nafungua gemu moja, naona rangi zimevurugika, naifunga, nafungua nyingine. Nilikuwa naichukulia MO5 kama Nintendo iliyochelewa. Nilichoka.

Kilichonibadilisha ni mistari miwili. Usifungue gemu yoyote leo. Washa MO5, subiri OK, halafu andika

LINE(80,20)-(80,180),1

Utapata mstari mwekundu umesimama. Sasa andika

LINE(83,20)-(83,180),3

Hii umeomba mstari wa njano, nukta tatu kulia. Angalia vizuri ule mwekundu. Utageuka njano mbele ya macho yako, na wewe hukuugusa.

Jaribu, kisha urudi hapa uniambie. Nataka uone kwa jicho lako kabla sijaeleza.

#4 Mtoto_wa_Chuda

Mkuu nimerudi. Umegeuka kweli! Nimerudia mara tatu. Halafu nikachora mwingine pale 88, ule haukuathirika. Kwa nini?

#5 Kanda_Mbili

Umefanya jaribio ambalo mimi lilinichukua siku kulifikiria, hilo la 88.

Skrini ya MO5 ina nukta 320 kwa 200 na rangi 16. Ungetaka kila nukta iwe na rangi yake huru, ungehitaji baiti 32,000. Mashine nzima ina kilobaiti 48. Wahandisi wakagawa kazi mara mbili: baiti 8,000 zinashika umbo, yaani nukta ipi imewaka na ipi imezima, na baiti nyingine 8,000 zinashika rangi. Kila baiti ya umbo ni nukta nane zilizolala kwa mstari, na kila kundi hilo la nane linapewa rangi mbili tu, moja ya nukta zilizowaka na moja ya nyuma yake.

Nukta ya 80 hadi ya 87 ni kundi moja. Ulipoomba njano pale 83, kundi zima likabadilishiwa rangi ya mbele, na ule mwekundu ulikuwa jirani yake. Ya 88 ni kundi la pili, ndiyo maana ilisalimika.

Ukishaelewa hili, rudi kwenye gemu. Utaanza kuona mchoraji alivyokuwa anafikiri. Utaona mhusika amevaa nguo ya rangi moja na kichwa kimepanda juu ya mstari mwingine ili kipate rangi yake. Utaona miti imekaa kwenye mipaka ya nane, dirisha lina upana wa nane au kumi na sita. Anga jeusi limewekwa ili kundi libakiwe na rangi moja ya kuchezea. Nilichokuwa nakiona kama picha mbovu ni kazi ya mtu aliyepima kila nukta. Kwangu mimi faida ni hiyo, ndugu yangu.

Baadaye TO8 ya 1986 ilikuja na kilobaiti 256, rangi za kuchagua kutoka 4,096, na namna ya skrini ya nukta 160 kwa 200 ambamo rangi 16 zinakaa huru. Gemu zake ni nzuri, ila MO5 ndiyo inayofundisha.

#6 Wangari_wa_Umeme

Habari za jioni wadau. Mimi niko Thika, nina kifaa kikubwa kidogo, kile cha Windows chenye skrini ya kugusa. Nimeacha RetroArch nikatumia DCMOTO, ile emuleta (programu ya kuigiza mashine) ya Thomson ya Windows iliyoandikwa na Daniel Coulom. Theodore yenyewe inatokana na kazi yake. Inaenda bila tatizo lolote.

Nilichotaka kusema ni kuhusu kalamu ya mwanga, kwa sababu Kanda_Mbili hukuigusa. Thomson walikuwa na kalamu ambayo unagusa nayo kioo cha televisheni. TO7 ilikuja na kalamu yake na kijumba cha kuilaza. Ndani ya ncha kuna kihisi cha mwanga. Televisheni ya zamani inachora picha kwa mshale wa elektroni unaopita mstari kwa mstari. Mshale ukipita chini ya kalamu, kihisi kinashtuka, na kompyuta inapiga hesabu: kama umeshtuka sasa hivi, basi uko mstari huu, nukta hii.

Ndiyo sababu hata upate TO7 nzima leo na uiunganishe na televisheni bapa, kalamu haifanyi kazi. Hakuna mshale wa kuuhisi.

Kwenye DCMOTO mshale wa panya ndio unaokuwa kalamu, na kwa kuwa skrini yangu Windows inaihesabu kama panya, kidole changu kikawa kalamu. Nilifungua Colorpaint nikachora nyumba ya nyanya yangu, na mabati yake. Nikajua mtoto wa 1985 alikuwa anahisi nini, kugusa kioo na kioo kikajibu. Miaka mingi kabla ya simu zetu.

#7 Kanda_Mbili

Dada Wangari, hapo umenifunza. Kifaa changu hakina skrini ya kugusa kwa hiyo kalamu nilikuwa nairuka. Leo usiku nitachomeka panya kwenye tundu la OTG, lile la vifaa vya USB, nione.

#8 Tanganyika_Kaskazini

Amani kwenu nyote. Niko Bujumbura. Sisi huku AZERTY, ule mpangilio wa vitufe wa Kifaransa, ndiyo kibodi tuliyoikuta ofisini na shuleni, kwa hiyo MO5 ilipotokea kwenye skrini yangu vidole vilijua njia vyenyewe. Nyinyi mnaotoka QWERTY kumbukeni mambo haya: A na Q zimebadilishana, Z na W zimebadilishana, na M imekaa kulia ya L. Ukichomeka kibodi ya USB, herufi inayotoka inaweza isiwe ile iliyochapwa juu ya kitufe. Kitu kimoja chema ni kwamba MO5 haikufuata mashine za taipu kwenye tarakimu: tarakimu zinatoka moja kwa moja, na alama ya kufungua maneno iko juu ya 2.

Pia MO5 halisi ina kitufe kilichoandikwa BASIC. Ukikitumia pamoja na kitufe kingine, neno zima la amri linatoka kwa mkupuo, kama lilivyochapwa kwenye kitufe hicho. Kwa mtu wa kidole gumba hilo ni msaada mkubwa.

Kwa wasiojua Kifaransa, nawapa machache yatakayowatokea kila siku. "Appuyez sur une touche" ni bonyeza kitufe chochote. "Voulez-vous rejouer" wanauliza kama unataka kucheza tena, na jibu ni O au N, oui au non. Ukibonyeza Y hakuna kitu. "Clavier ou manettes" ni kibodi au joistiki, chagua manettes. "Niveau" ni kiwango cha ugumu. Mkikwama kwenye gemu za hadithi, zile za kuandika unachotaka kufanya, leteni sentensi hapa nitawatafsiria, sitachoka.

#9 Mtoto_wa_Chuda

O au N! Kaka, nilikuwa nabonyeza Y tangu juzi. Asante sana.

#10 Sauti_ya_Tatu

Bwana asifiwe wapendwa. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Moshi, kompyuta si fani yangu, kijana wangu ndiye aliyenionyesha uzi huu. Alisoma mahali fulani kwamba mashine hii inaelewa do re mi. Ni kweli? Maana sisi tunafundisha nyimbo zote kwa sol-fa, na sijawahi kusikia kompyuta inayosoma sol-fa.

#11 Kanda_Mbili

Shikamoo mwalimu. Ni kweli kabisa. Wafaransa noti zao wanaziita do re mi, kwa hiyo BASIC ya Thomson ikafuata hivyohivyo. Andika

PLAY"DOREMIFASOLASI"

na utasikia. Angalia mwisho ni SI, wala si TI kama kwenye vitabu vyetu.

#12 Sauti_ya_Tatu

Marahaba. Tumejaribu, mimi na kijana. Imeimba! Tumekaa jikoni hadi saa nne usiku tukiandika sauti ya kwanza ya wimbo wetu wa mavuno. Sauti yake ni nyembamba, kama filimbi ya mtoto, lakini iko sawasawa kwenye noti.

Nina swali la kitaalamu. Sisi DO inahama. Wimbo ukiwa kwenye F, basi F ndiyo DO. Nilipotaka kuupandisha wimbo wetu niliandika tena DO ileile nikidhani kuna mahali pa kuiambia mashine "sasa DO ni F". Sikupaona.

#13 Kanda_Mbili

Mwalimu, hapo ndipo mifumo miwili inapoachana. DO ya Wafaransa haihami. Kwao DO ni jina la noti yenyewe, C, siku zote. Sol-fa yetu ya kwaya ilikuja na wamisionari kwa njia ya Kiingereza, na humo DO ni nafasi kwenye ngazi, popote ngazi itakapoanzia. Kwa hiyo ukitaka wimbo uanzie F lazima uuandike upya kuanzia FA. Ngazi ya kwanza inakuwa FA, ya pili SO, ya tatu LA, na ya nne itahitaji SI iliyoshushwa nusu. Oktava unaibadilisha kwa herufi O na tarakimu mbele yake, urefu wa noti kwa L, mwendo kwa T.

Hiyo sauti ya filimbi ni kwa sababu MO5 ya kawaida inatoa mlio wa biti moja tu. Kulikuwa na kifaa cha kuongeza cha muziki na joistiki kilicholeta sauti ya biti sita.

#14 Fundi_Kariakoo

Wakuu, mnaongea vizuri, mimi nataka picha isiyo na ukungu. Kifaa changu ni 640 kwa 480, picha ya MO5 imevutwa kujaza kioo na herufi zimenenepa upande mmoja.

Na jambo lingine, memori kadi niliyonunua duka moja hapa mjini imekufa ndani ya wiki mbili na mafaili yote.

#15 Kanda_Mbili

Pole sana mkuu. Kadi: nunua nyingine, kisha ijaze data hadi pomoni na uisome tena yote kabla hujaweka kitu cha maana, zile za uongo zinajifichua hapo. Mafaili ya Thomson ni madogo mno, kanda moja ni makumi machache ya kilobaiti tu, hifadhi nakala kwenye simu.

Picha: hesabu iko upande wako. 320 mara mbili ni 640, 200 mara mbili ni 400. Upana unaenea kamili na juu na chini zinabaki nukta 40 kila upande. Kwenye mipangilio ya picha zima uvutaji, washa ukuzaji wa namba kamili, kisha zima ulainishaji. Kama fremu ya rangi inayozunguka picha inakulazimisha upunguze ukubwa, ikate. Kila nukta ya 1984 itakaa kwenye nukta nne za leo, na herufi zitakuwa kali kama zimechongwa.

Upakiaji pia usikutishe. Kanda ya MO5 inasomwa kwa biti 1,200 kwa sekunde, maana yake gemu ya kilobaiti 30 inachukua dakika tatu na nusu hivi. Kwenye emuleta bonyeza kitufe cha kuharakisha, itaisha kabla hujakaa vizuri. Mimi mara moja moja naiacha iende kwa mwendo wake. Kituo changu cha tramu kiko dakika nne tu kutoka nyumbani, inamaliza kupakia nikiwa napanda tramu.

#16 Wangari_wa_Umeme

Kuna mtu amefanikiwa na EXL 100 au Alice? Nataka kusikia ile sauti ya mtu.

#17 Kanda_Mbili

Kwa hizo Theodore haisaidii, ni za Thomson tu. MAME ndiyo inayozibeba, Alice, Hector ya Micronique (Mfaransa mwingine), na EXL 100 pia, ila huko utahitaji faili za romu za kila mashine na kibodi halisi pembeni, na kwa kifaa kidogo kama changu ni kazi. Ukiwa na Windows kama wewe dada, jaribu kwanza hapo. Ukisikia imeongea, tuletee.

#18 Sauti_ya_Tatu

Wapendwa, nimeandika upya wimbo wote kuanzia FA kama alivyosema Kanda_Mbili. Ile SI ya kushusha nimeihangaikia, kijana akapata kwamba unaweka b mara baada ya noti. Kijana naye ameongeza mistari ya rangi juu, mmoja kwa kila sauti, sauti nne. Ameipanga 80, 88, 96 na 104 ili isiambukizane.

#19 Kanda_Mbili

Mwalimu, naomba mwambie kijana aweke programu yote hapa, mstari kwa mstari. Kesho asubuhi naiandika kwenye tramu.